Ugumu si Uchangamano

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, naishi Ngamiani, Tanga. Ninaandika tasnifu juu ya kupima "ugumu wa lugha za kawaida" katika nadharia ya otomata. Je, Kiswahili hicho ni sahihi?

Jibu: Si sahihi, na kosa kubwa limo katika neno la kwanza. Inaniudhi kuona "ugumu" ukitwishwa mzigo usio wake. Kigumu ni kile kinachomtoa mtu jasho. Kamba ya katani, ambayo sisi watu wa Tanga tunaijua vyema, ni ngumu kuikata, lakini ukiifumua huoni ila nyuzi zilizosokotwa namna ile ile toka ncha hadi ncha. Ukili wa mkeka ni laini, ila msusi akipoteza hesabu ya mwaa mmoja tu, nakshi nzima huvurugika. Huo ndio uchangamano, kutokana na kitenzi changamana, yaani kuingiana.

Sasa tazama otomata, mashine ya kufikirika inayosoma neno herufi moja moja huku ikihama kutoka hali moja hadi nyingine, na mwishowe ikalikubali au ikalikataa. Maneno yote yanayokubaliwa na otomata yenye hali zisizozidi kikomo fulani huitwa kwa pamoja lugha, na hizo ndizo "lugha za kawaida" zako (kwa Kiingereza, regular languages). Chukua, kwa mfano, lugha ya maneno yote ya herufi a na b ambayo herufi yake ya tatu kutoka mwisho ni a. Otomata yenye ruhusa ya kukisia huyatambua kwa hali 4. Ile yenye njia moja tu kwa kila herufi huhitaji hali 8, kwa kuwa haina budi kukumbuka herufi tatu ilizosoma mwisho. Ukidai herufi ya kumi kutoka mwisho badala ya ya tatu, otomata ya kwanza itatosheka na hali 11, na otomata ya pili itataka 1,024. Idadi ya hali za otomata ndogo kabisa ya aina hii ya pili ndiyo kipimo cha uchangamano wa lugha kinachotumika sana. Hata hivyo, mashine ya hali 1,024 husoma neno la herufi 20 kwa hatua 20, sawasawa na mashine ya hali 2. Ugumu uko wapi hapo?

Kuhusu "kawaida", maana yake ya asili katika Kiarabu ni kanuni, lakini leo msomaji atadhani unazungumzia lugha ya kila siku, kwa hiyo mimi hupendelea "kikanuni". Andika "uchangamano wa lugha za kikanuni". Msimamizi wako akishikilia "kawaida", mkubalie, "ugumu" usimkubalie.