Nimekiri maneno ya ushindi siku 21, mbona sonona haijaondoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, nina miaka 31. Tangu Februari sina hamu ya kitu chochote. Nalala saa tatu usiku, saa nane niko macho hadi kunakucha, na watoto wakipiga kelele darasani natamani kulia. Kituo cha afya waliniambia ni sonona, wakanipa vidonge. Rafiki yangu akaniletea kitabu kinachosema akili hujiponya yenyewe ukikiri maneno ya ushindi mbele ya kioo siku 21 bila kukatisha, na kwamba vidonge vinaipumbaza. Nimemaliza mzunguko mmoja, sasa niko wa pili, na huu wa pili nimeacha dawa. Leo ni siku ya tisa. Naona nazidi kuharibika. Nimekosea wapi? Au kuna kitabu kingine chenye nguvu zaidi? Nimeambatanisha picha ya daftari langu.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kosa liko kwenye kuacha vidonge tu, kwa hiyo nianze na hivyo. Kesho asubuhi rudi pale walipokuandikia, uwaambie umekatisha siku ngapi na uliacha kwa sababu gani. Usimeze vya siku tisa kwa mkupuo ili kufidia. Kukatisha ghafla dawa za sonona kunaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi kuvurugika zaidi, na huenda sehemu ya hayo unayoyaona sasa inatoka huko. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha kazi, na mtu akishapata nafuu huendelea nazo miezi 6 au zaidi, kisha hupunguziwa taratibu na anayemtibu. Huyo aliyeandika kwamba zinapumbaza hajakuona wala hajakupima.

Sasa hilo daftari. Nimeiangalia picha yake kwa muda mrefu. Umechukua kaunta buku, ukaipiga mistari kama rejista ya mahudhurio, siku ya 1 hadi ya 21. Asubuhi uliyokiri umejiwekea vema kwa wino wa bluu, na asubuhi uliyoshindwa kunyanyuka kitandani umejiwekea kosa kwa wino mwekundu. Chini ya mzunguko wa kwanza umeandika, kwa mwandiko uleule wa ubaoni: "Sina nia." Mwalimu, dalili ya ugonjwa umeisahihisha kama mtihani, ukajifelisha. Karibu kila wiki napokea mtu mwenye daftari la namna hii, na kila mara nakasirika upya, kwa sababu mgonjwa amekuja na mizigo miwili: sonona aliyokuwa nayo, na aibu mpya aliyouziwa.

Hizo siku 21 zina historia. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye kazi yake ilikuwa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua walau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Ni hayo tu: mtu kuizoea pua yake. Waliokuja baadaye waliliondoa lile neno "walau", wakaondoa na pua, wakabaki na namba, na sasa namba hiyo inauzwa kama dozi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipokuja kupima jambo hilo kwa watu 96, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kukaa, wengine 18, wengine ikikadiriwa hadi 254. Na hizo zilikuwa tabia kama kunywa maji au kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyekuwa anatibiwa sonona pale.

Kuhusu kukiri kwenyewe, jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwapa watu sentensi ya kujirudia, kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walisikia nafuu kidogo. Waliokuwa wanajidharau walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Kwa nini? Ukisimama mbele ya kioo ukasema "mimi ni mshindi", kuna sauti ndani inajibu papo hapo: mshindi gani ambaye jana alishindwa hata kuoga? Kila unapokiri unaichokoza, na asubuhi 21 ni mabishano 21 unayoshindwa. Kwa hiyo ulipoona unazidi kuharibika uliona sawasawa, na nia yako haina kosa. Sisemi haya kuhusu sala yako, kama unasali. Sala haikuwekei rejista.

Vitabu sivikatai. Ninavyo kabatini na huviazimisha. Lakini kitabu kinachosaidia sonona kinafanana na daftari la mazoezi kuliko hotuba. Vingi vya aina hiyo vinafuata njia ambayo daktari Aaron Beck aliijenga Marekani miaka ya 1960: unalikamata wazo, unaliandika, unauliza ushahidi uko wapi, kisha unapanga kitu kidogo cha kufanya leo. Kwako ingekuwa hivi. Wazo: "Mimi ni mwalimu mbovu." Ushahidi: jana niliingia vipindi vyote vitano, nikasahihisha madaftari ya safu mbili, safu mbili zikanishinda. Umeona hiyo sentensi? Haina ushindi ndani yake, ila ni ya kweli, na ile sauti haina pa kuishika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha cha kukabili msongo mwaka 2020, na mafunzo yanayoendana nacho yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliokuwa Uganda. Walikutana kwa vikundi vikao 5, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa, wakafanya mazoezi pamoja, na dhiki yao ilipungua. Angalia kilichokuwepo: kitabu, kikundi, na mtu wa kuwaongoza. Kwa sonona isiyo kali, kitabu chenye mtu wa kukufuatilia kila wiki ni tiba inayokubalika. Ikishakuwa kali kinabaki msaidizi tu, maana ugonjwa huu unakula umakini wenyewe. Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha njiti ya kiberiti aliyoweka alama ukurasa wa 11. Ilikuwa hapo wiki tatu, na kila jioni aliusoma mstari uleule. Wewe rudisha usingizi na dawa kwanza. Mwezi ujao njoo Mbeya na hiyo kaunta buku, tuanze kurasa mbili kwa wiki.

Na nyie ndugu wa wagonjwa mnaosoma hapa, mnaonunua vitabu vya hamasa njiani na kutumiana kwenye WhatsApp. Kitabu kinachomwambia mgonjwa aache dawa, au kinachosema asiyepona hakuamini vya kutosha, msikiingize nyumbani. Mwandishi wake amejitengenezea njia ya kutokuwa na kosa kamwe. Baba mmoja aliniletea binti yake na vitabu vinne kwenye mfuko wa rambo, akaniuliza aanze na kipi. Nikavisogeza pembeni, nikamuuliza binti kama huwa anafikiria kufa. Akasema ndiyo, tangu mavuno. Baba yake hakuwahi kumuuliza, kwa sababu kimojawapo kilikuwa kimewaonya wasitamke neno baya nyumbani, litatimia. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamtua mzigo. Muulizeni kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na nauli mliyotenga kwa kitabu impeleke hospitali siku hiyohiyo, mkiwa naye.