Kwa walimu wa ajira mpya: mazoea ya shule hayatakutetea

Karibu kazini, mwalimu. Utaripoti kituoni na barua yako ya ajira, na haitapita wiki kabla wenyeji hawajakufundisha jinsi shule inavyokwenda: zamu zinapangwaje, kipindi gani huwa hakina mtu, Ijumaa watu huondoka saa ngapi. Mengi ya hayo utayahitaji. Lakini mengine ni mazoea tu ambayo hayajamletea mtu balaa bado. Siku yatakapokuletea wewe, hakuna hata mmoja kati ya waliokufundisha atakayesimama mbele ya wachunguzi na kusema "hapa ndivyo tunavyofanya." Nimekaa katika ofisi za walimu muda wa kutosha kuona vijana wenye wito wa kweli wakipoteza ajira, na wengi wao hawakuingia kazini wakiwa na nia mbaya. Walifuata walichokikuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza, jua nani anaweza kukuuliza. Nidhamu ya mwalimu wa shule ya umma Tanzania iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Mkuu wa shule, au mwalimu mkuu ukiwa shule ya msingi, hushughulikia makosa mepesi. Makosa mazito hupelekwa TSC wilayani, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa kazi. Nawe miezi yako 12 ya mwanzo ni ya majaribio, hujathibitishwa. Yule mwenzako mwenye miaka 20 kazini anayekwambia "usijali" hayuko mahali ulipo wewe.

Utoro ndio unaoondoa walimu wengi kuliko kosa lolote, na unavyoanza hauonekani kuwa utoro. Umefiwa, unamwambia mkuu wa shule kwa simu, anakujibu "nenda, pole sana." Unakaa msibani, siku zinaongezeka, huku nyuma mkuu anahamishwa au anaulizwa na ofisi ya elimu kwa nini huonekani kwenye daftari la mahudhurio. Zikishapita siku 5 bila ruhusa, hilo ni kosa zito. Ruhusa ya mdomo ni utu, na mkuu aliyekupa amekufanyia wema, lakini haisomeki kwenye jalada. Andika barua hata kama ni ya mistari mitatu, ibaki na nakala yenye saini. Na usisainiwe daftari na mwenzako hata siku moja, wala usimsainie mtu. Hapo mnakuwa wawili wenye kosa, na kosa lenyewe limehama kutoka kuchelewa hadi udanganyifu.

Niseme kidogo kuhusu madeni, maana mara nyingi ndiyo mzizi wa utoro. Mwalimu mpya akikopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, na kuwaachia kadi yake ya benki, miezi michache baadaye anawakwepa, hafiki kazini, simu imezimwa. Tafadhali, kadi na namba ya siri visitoke mikononi mwako. Subiri uzoee mshahara kwanza.

Sasa fimbo. Hapa ndipo pengo kati ya kanuni na mazoea lilipo kubwa kuliko pote. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Kosa liwe kubwa, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Linganisha na unachokiona mstarini asubuhi: waliochelewa wamepanga foleni, mwalimu wa zamu ana fimbo, hakuna kitabu, hakuna kibali, na hesabu ya viboko inategemea hasira ya siku hiyo. Karibu kila kinachofanyika pale ni kinyume cha kanuni. Utakabidhiwa fimbo hiyo wiki yako ya kwanza ya zamu, na watu watakutazama uonekane si mlegevu.

Ushauri wangu ni usiipokee. Sema huna kibali cha maandishi, maana ni kweli. Oktoba 2016 video ya mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya akishambuliwa na walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ilienea nchi nzima. Walikuwa vijana kama wewe, hawajaanza hata ajira. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni, na mwalimu akashtakiwa kwa mauaji. Darasa linatulia kwa mwalimu aliyejiandaa, anayeingia kwa wakati na kusahihisha madaftari. Inachukua muda zaidi kuliko fimbo, nakubali, lakini inadumu.

Kuhusu mapenzi na wanafunzi, sheria haina mlango wa nyuma. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Utasikia ofisini mtu akisema "yule wa kidato cha sita ni mtu mzima." Sheria hiyo inaangalia kwamba ni mwanafunzi. Akiwa chini ya miaka 18, kuridhia kwake hakukusaidii chochote mahakamani, maana hilo ni kosa la ubakaji. Na TSC haisubiri mimba. Uhusiano wenyewe unatosha kukufukuzisha. Ukidai ngono ili umpe alama, unaingia pia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Nidhamu ya TSC na sheria hiyo ya rushwa zinawahusu walimu wa kike na wanafunzi wa kiume vilevile.

Lakini wengi hawaanzii huko. Wanaanza kwa kumtuma binti apeleke madaftari nyumbani kwa mwalimu, achote maji, afagie. Wanaanza na ujumbe wa saa nne usiku wa "umelala?" Zuia pale pale. Mwanafunzi asifike unakoishi. Ukitaka kuzungumza naye, iwe ofisini mlango ukiwa wazi, au mbele ya mwenzako. Akikuandikia barua ya mapenzi, usiichane na usimfedheheshe darasani; ipeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu wa malezi na unasihi na umjulishe mkuu wa shule. Mtoto anahitaji msaada, na wewe unahitaji mtu anayejua kwamba ulisema mapema.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Elimumsingi ni bila malipo kwa Waraka Na. 5 wa 2015, na Januari 2018 Rais Magufuli aliagiza walimu wasipokee michango ya wazazi. Ukitumwa kukusanya hela darasani, omba agizo kwa maandishi. Twisheni ya kulipia kwa wanafunzi unaowafundisha mwenyewe mchana iache kabisa: mzazi ataanza kuuliza kwa nini mada ngumu zinaelezwa jioni tu, na atakuwa na haki ya kuuliza. Picha na video za wanafunzi nazo zisiingie kwenye kurasa zako.

Ikitokea umepewa barua ya kujieleza, usiitupe droo ukisubiri mambo yapoe. Jibu ndani ya muda uliowekwa, jibu ulichoulizwa, ambatanisha nakala zako za ruhusa na barua. Usijibu ukiwa na hasira, wala usikubali mtu akuandikie maelezo ya kuomba radhi kwa jambo ambalo hukulifanya. Shauri likiwa zito, una haki ya kupewa mashtaka kwa maandishi na kujitetea kabla ya kuadhibiwa. Mwone mwakilishi wa chama chako cha walimu mapema, kabla hujapeleka utetezi. Uamuzi wa wilaya usipokuridhisha, unaweza kuukatia rufaa, na muda wa rufaa unahesabiwa. Ukipokea barua ya uamuzi, andika juu yake tarehe uliyoipokea.