Je, mzee wa kanisa akimwombea mgonjwa amevamia kazi ya mchungaji?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa huku Muyeye, Malindi. Mchungaji wetu anahudumia makanisa manne, na la mbali liko upande wa Marafa. Mjane mmoja wa kwetu alipolazwa alituma aitwe mchungaji, naye hakupata nafasi. Nilikwenda pamoja na mama mmoja wa kanisa. Yeye alimwosha miguu na kumnywesha uji, mimi nikamsomea Zaburi ya 27, tukamwombea na kumpaka mafuta. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya Uza aliyegusa sanduku la Mungu akafa, na kila mtu alijua anasemwa nani. Alisema roho za watu hubebwa na aliyewekewa mikono peke yake. Je, tulikosa? Nafikiria kuacha uzee wa kanisa.

JIBU: Ndugu yangu, hamkukosa kwenda wala kuomba, na uzee wako usiuache. Juu ya mafuta nitasema mwishoni.

Swali hili limeninyima raha, kwa kuwa hoja ya Uza naisikia mara nyingi hapa pwani, na kila mara hutajwa nusu ya habari. Sheria iliagiza wana wa Kohathi, ukoo mmoja wa Walawi, walichukue sanduku mabegani, bali siku ile lilipakiwa kwenye gari jipya la kukokotwa na ng'ombe. Daudi alipoitafakari hasara ile, katika 1 Nyakati 15, aliwaambia Walawi kwamba Bwana aliwapiga kwa sababu wao hawakulichukua hapo kwanza. Uza alikosa, sikatai. Lakini kabla mkono wake haujanyooshwa, wengi waliopewa mzigo ule walikuwa wamekwisha kuutua. Anayetaka kuwatisha wazee wasibebe chochote amechagua andiko lisilomsaidia.

Nashangaa zaidi kwamba anayehubiri hivyo hupita Hesabu 11 bila kusimama. Musa analia mbele za Mungu kwamba hawezi kuwachukua watu hawa wote peke yake, na Mungu hamkemei kwa udhaifu, bali anamwambia akusanye wazee 70, kisha anatwaa sehemu ya Roho iliyo juu yake na kuitia juu yao. Eldadi na Medadi, wawili walioandikwa miongoni mwa wazee hao, walipotabiri kambini, Yoshua ndiye aliyetaka wakatazwe. Musa akamuuliza kama ana wivu kwa ajili yake. Paulo naye, katika Matendo 20, analikabidhi kundi la Efeso kwa wazee, wala si kwa mtu mmoja. Yakobo anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, kwa wingi. Hata Geneva mwaka 1541, Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, alipoandika utaratibu wa kanisa lake, aliweka wazee na mashemasi kando ya wachungaji na walimu, na wagonjwa na maskini wakawa kazi ya mashemasi. Kuwekewa mikono kuna heshima yake na kazi zake, kama Meza ya Bwana. Hakumfanyi mtu kuwa mlango wa pekee wa kumfikia Mungu.

Sisi wa Malindi hatuna haki ya kulichukulia jambo hili kama ubishi wa wasomi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, si mbali na tulipo. Hukumu naiachia mahakama, wala simfananishi mchungaji wako na mambo hayo hata kidogo. Nasema tu kwamba kundi lisilo na jicho la pili juu ya anayelichunga limekaa pabaya, hata kama mchungaji huyo ni mwema.

Sasa nimtetee mwenzangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wewe uliona kitanda kimoja, yeye ana makanisa manne na barabara ya Marafa wakati wa mvua. Pengine aliposikia kwamba mgonjwa wake amekwisha kuombewa, aliona aibu, na aibu ikatoka mimbarani kwa sura ya ukali. (Na tusifichane: kuna mahali ugomvi huu ni wa bahasha anayopewa mgeni baada ya maombi. Kama mlipewa chochote, kipelekeni kwa mweka hazina.) Mwendee wewe na yeye peke yenu, kama Mathayo 18 inavyoagiza, wala usianze na Uza. Mwulize anaendeleaje, kisha mwombe akupe majina ya wagonjwa ambao hajawafikia. Kila mkitoka kwa mgonjwa mpasheni habari siku hiyo hiyo, ila siri ya mgonjwa isitoke bila ruhusa yake. Usiende peke yako kwa mjane. Kwenda na yule mama mlifanya vyema. Wala asitokee kati yenu wa kumwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa.

Juu ya mafuta, makanisa hayafanani. Kwa Wakatoliki ni sakramenti ya padri, na katika madhehebu mengine wazee huruhusiwa. Ulizeni utaratibu wa kanisa lenu, na mpaka mjibiwe, mafuta yawekeni kando. Kwa yule mjane endeleeni kwenda, na mchungaji akipata nafasi, mwombeni mfuatane naye.