Kabla hujanunua kamba, uliza: kilo ya nini?

Juzi dada mmoja wa Nakuru alinipigia simu. Ana mgahawa mdogo kando ya barabara kuu, na wateja wake wameanza kumwulizia wali wa kamba wa baharini. Akaniambia, "Nimeulizia Malindi, kilo ni mia tisa. Huko Kisumu hotelini nasikia wanalipa elfu moja mia sita. Mbona wewe hujatajirika?" Nilicheka, na si kwa kumdharau. Hesabu hiyo hiyo niliwahi kuipiga mwenyewe nyuma ya risiti ya omena, dagaa wetu wa ziwani, nikaiona tamu kama asali. Nikamwuliza: kilo ya nini?

Akanyamaza. Mimi wakati wangu sikupata wa kuniuliza.

Mimi ni mtu wa omena. Mama aliuza soko la Kibuye, Kisumu, nami nilianza kumshikia gorogoro, kopo la kupimia, kabla sijajua kusoma. Baadaye nikaongeza ngege (sato) na mbuta (sangara) kutoka ufuko wa Dunga. Sasa fikiria ngege alivyo: ukishampaa magamba na kumtoa matumbo, kilichobaki chote kinaliwa, na kichwa ndicho kinachogombaniwa mezani. Hata mbuta anayepelekwa kiwandani akachunwa minofu, mifupa yake inarudi sokoni kwa jina la mgongo wazi, inakaangwa, inauzwa, na watu wanaisifu. Sisi wa ziwani hatujazoea samaki ambaye karibu nusu yake ni ya kutupa. Ndiyo maana kamba alinishinda mwanzoni. Hata jina lake lilinitesa: nilipoandika kwenye stetasi ya WhatsApp kwamba kamba wamefika, jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi akauliza kama ni za nailoni au za katani.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa kilo 20, kamba wazima na vichwa vyao, kwa 900 kilo. Hiyo ni 18,000. Kasha, barafu na nauli ya basi vikala 3,400. Kutoka Malindi mzigo unashuka kwanza Mombasa, kisha unapanda basi la usiku. Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na basi hilo hupitia Nairobi na Nakuru. Mimi niko stendi Kisumu saa mbili asubuhi, nimejipaka mafuta, nasubiri utajiri.

Kasha likashuka jepesi. Nilijua kabla sijalifungua. Utingo akaeleza bila wasiwasi kwamba lilikuwa linavuja, maji yakaenda kwenye godoro la abiria, basi walipofika Nakuru akalifungua akamwaga maji "na zile barafu ndogo ndogo". Alidhani amenisaidia. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kamba walisafiri wakavu ndani ya buti, juu ya joto la injini.

Nilipowafikisha hotelini, mpishi hakutazama hata mizani. Alimchukua mmoja, akambana pale kichwa kinapoungana na mwili, kichwa kikalegea kikaning'inia kama kifungo kilichokatika uzi. Vichwa vingine vilikuwa vimeanza weusi. Akainusa ile sehemu, akaniangalia. "Mama, hawa walilala wapi?"

Akachagua wazuri, akakataa kilo mbili. Halafu akaniambia jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: bei ya 1,600 ni ya kamba aliyemenywa. Nyama tupu. Tukakaa na vijana wawili wa jikoni tukamenya. Kilo 18 zikazaa kilo tisa na nusu. Nikalipwa 15,200. Niliyotumia ni 21,400. Hasara ya 6,200, na vidole vilivyochomwa na miiba ya vichwa kwa wiki nzima.

Basi tuanzie hapo. Kichwa cha kamba peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, kwa wengine hukaribia asilimia arobaini. Ukiondoa na ganda, nyama inayobaki ni kama nusu, au nusu na kidogo. Kwa hiyo ukitajiwa 900 ya kamba mzima, kichwani mwako isome 1,800 ya nyama, kabla hujalipa barafu, basi na mmenyaji. Ukitajiwa bei ya kamba asiye na kichwa, jua ganda bado litachukua sehemu yake, ila ndogo. Usilinganishe bei mbili mpaka uzivue zote hadi kwenye nyama. Hesabu hii haihitaji shule. Chukua kilo moja, menya, pima, andika.

Siku hizi nanunua waliokatwa vichwa huko huko pwani. Kwa kilo nalipa zaidi sana, mwisho ilikuwa 1,550, na watu wangu wa omena wakisikia wanashika vichwa vyao. Lakini silipii nauli ya takataka, na ule weusi huanzia kichwani, kwa hiyo kukikata mapema ni kununua saa kadhaa za uzima. Nikapeleka hotelini bei ya 2,400 kwa nyama tupu. Hoteli mbili zilikataa papo hapo. Moja ikakubali, na ndiyo inayonilisha.

Kuna mtego wa pili, wa waliogandishwa, na huu ni mbaya kwa sababu umefungwa vizuri kwenye pakiti yenye picha. Kamba wa kugandishwa huchovywa maji ili apate utando wa barafu unaomkinga asikauke ndani ya friza. Utando mwembamba ni kinga ya haki. Utando mnene ni maji unayouziwa kwa bei ya kamba. Niliwahi kununua pakiti ya kilo moja kwa 1,400, nikaipima: gramu elfu moja kweli, mizani haikudanganya. Nikaipitisha chini ya bomba la maji baridi mpaka barafu ikatoka, nikawafuta kwa kitambaa, nikapima tena. Gramu 780. Hapo kilo ya kamba imeshafika karibu 1,800. Kwenye baadhi ya pakiti uzito bila barafu umeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, sisi ndio hatugeuzi pakiti. Na ukiona mabaka meupe makavu kwenye nyama, huyo amekaushwa na friza; ukiona barafu imejikusanya pembeni ya pakiti kama mchanga, huyo huenda aliyeyuka njiani akagandishwa tena. Mwache.

Halafu zile namba. Pakiti inaandikwa 21/25 au 31/40, na muuza duka anakuambia ni "gredi". Ni hesabu ya kamba wangapi wanaingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454. 21/25 ni kamba 46 hadi 55 kwa kilo. Namba ikipanda, kamba wanazidi kuwa wadogo na bei inashuka. Wengine huhesabu kwa kilo badala ya ratili, hapo 20/30 ni wakubwa kabisa, kwa hiyo uliza. Mpishi anayeweka kamba sita kwenye sahani anajali namba hiyo kuliko kitu kingine. Mpishi wa wali au wa mchuzi hana haja na wakubwa, na hapo ndipo dada yangu wa Nakuru anaweza kuokoa pesa: kamba wadogo ndani ya pilau hawahesabiwi na mtu.

Bei ya pwani yenyewe haikai mahali pamoja. Kamba wengi wa Kenya hutoka eneo la Malindi na ghuba ya Ungwana, pale Sabaki na Tana inapomwaga maji ya tope baharini. Kamba anapenda tope hilo. Mvua za masika zikinyesha bara na mito ikafurika, wavuvi wa huko hawalii kama sisi tunavyolia na barabara zetu za Nyando. Meli zinazokokota nyavu hufungiwa msimu kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, na kuna kipindi kuanzia mwaka 2006 zilisimamishwa kabisa kwa miaka kadhaa baada ya mvutano mrefu na wavuvi wadogo. Kwa hiyo wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, unategemea hasa mashua ndogo. Sasa unganisha na Desemba, watalii wamejaa, hoteli za pwani zinanunua kabla mashua haijafunga nanga. Desemba mimi siagizi. Nauza ngege.

Na kuna mwezi wa angani. Mwuzaji wangu wa Malindi haniambii tarehe, ananiambia "subiri bamvua." Maji ya bamvua, yanayojaa na kutoka kwa nguvu mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiyo yanayompa kamba. Maji mafu, anakohoa tu kwenye simu. Mimi nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia, kwa sababu omena nayo ina mwezi wake: wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, mitumbwi inakaa ufukweni, bei inapanda Kibuye. Kwa hiyo mwezi mpevu unapoikausha meza yangu ya omena, ndipo Malindi wananipigia kwamba kamba wapo. Nimeishi kwa mwezi huo huo mmoja pande mbili, na wiki nyingine ndio unaonilipia kodi.

Nani atanunua? Hapa kuwa mkweli kwa nafsi yako. Nyanza ina Wasabato wengi, na kwao kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba haingii sufuriani. Wanamkataa mumi, yaani kambare, seuze kamba. Majirani zangu wengine hawana dini inayowazuia, wanamtazama tu wanasema ni panzi wa baharini. Soko langu ni hoteli chache, watu wa pwani wanaofanya kazi huku, na familia kadhaa za Milimani. Usiagize mzigo ukatafute mnunuzi baadaye. Ngege akikosa mnunuzi saa tisa alasiri unamkaanga, jioni anaisha Kondele. Kamba hana mlango huo wa nyuma.

Nilipomweleza dada wa Nakuru haya yote akasema, "Basi nifuge kuku." Nikamwambia hajakosea sana, maana kamba wa pesa ndogo tunaye hapa hapa. Ziwa lina uduvi wake, wadogo kama punje, tunawaita ochonga. Wanaingia kwenye nyavu za omena, wanaanikwa ufukweni, na watengenezaji wa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa wanawatafuta kwa sababu ya protini. Hawahitaji barafu wala basi la usiku. Wanahitaji jua na turubai. Ubaya wao ni mchanga: ochonga wa kuanikwa chini wanauzwa na ufuko wao. Chota kiganja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, uache utulie, uone kinachozama. Mimi nilipofanya hivyo mbele ya mwuzaji mmoja alipunguza bei kabla maji hayajatulia. Ila hata huko usiende kwa pupa, mbuta wachanga nao wanaishi kwa ochonga hao hao.

Karatasi usizisahau: leseni ya biashara ya samaki, kibali cha kusafirisha, na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Pita ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla ya mzigo, maana barabarani polisi akifungua kasha ndiye anayepanga urefu wa mazungumzo, na barafu haisubiri.

Kuhusu kasha. Nililonalo sasa lina mfuniko wa kubana na tundu la bomba chini, limezibwa kwa kizibo na utepe. Barafu chini, kamba ndani ya mifuko, barafu juu, uzito wa barafu sawa na wa kamba, na joto likizidi naongeza. Kamba hawaguswi na maji yaliyoyeyuka, maana wakilowa muda mrefu utamu unaondoka nayo. Nje nimeandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE. Ila sitegemei maandishi. Nachukua namba ya utingo Mombasa, namtumia pesa ya chai nusu, nusu akifika. Basi hufika Nakuru kabla ya alfajiri. Saa hiyo mimi niko macho, simu mkononi, namwuliza kama kasha linavuja, na kama linavuja, alisogeze mbali na godoro la mtu.