Jeni ya kustahimili chumvi hutafutwa hivi

Ndugu yangu, umeuliza vipi kompyuta hutambua jeni inayoufanya mpunga ustahimili chumvi, na kama mtu aliye hapa Mombasa bila maabara anaweza kujaribu. Anaweza. Laptopu na bando vinatosha kuanzia.

Ila kompyuta peke yake haijui chumvi ni nini. Kwanza watu hupanda mamia ya aina za mpunga kwenye maji ya chumvi, wakaandika upi umeungua majani na upi umesimama. DNA ya kila aina, yaani maandishi ya urithi yenye herufi nne tu, husomwa, kisha programu kama TASSEL au PLINK hupekua herufi moja moja: zipi hupatikana zaidi kwa iliyostahimili kuliko kwa iliyoungua? Utakachopata ni eneo la kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni), si jeni yenyewe. Hapa wengi hukimbilia kutangaza ushindi, nami naona ni hatari, maana eneo moja laweza kubeba jeni nyingi.

Chukua mfano wa jeni ya mpunga iitwayo OsHKT1;5, iliyotambuliwa mwaka 2005 kwenye kromosomu ya 1. Hutengeneza protini inayoitoa sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) kwenye maji yanayopanda kutoka mizizini, isirundikane majanini. Ingia Ensembl Plants, hifadhidata ya mtandaoni ya DNA za mimea, ni bure, nakili mfuatano wa herufi zake, uupitishe kwenye BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, dhidi ya jinomu (DNA yote) ya mtama. Utaona ndugu yake, yaani jeni ya mtama inayofanana nayo.

Kufanana huko hakuthibitishi kwamba inafanya kazi ileile. Hilo huamuliwa na mmea wenyewe ukimwagiliwa chumvi, kwa hiyo tafuta mtu wa kilimo mshirikiane mapema.