Jibu: Kisu shingoni, damu imekoma, je aruhusiwe?
Daktari, umeuliza kama aliyechomwa kisu shingoni anaweza kwenda nyumbani kwa kuwa damu imekoma na presha ni nzuri. Hapana, kama jeraha limepenya platisma, msuli mwembamba ulio chini tu ya ngozi ya shingo. Utando wa ndani wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ukichanika, damu huganda hapo, na kiharusi kinaweza kuja saa au hata siku kadhaa baadaye. Tafadhali usichokonoe jeraha. Utang'oa bonge lililoziba tundu. Sikiliza mvumo wa damu mshipani kwa stethoskopu, linganisha mapigo ya pande zote mbili, pima nguvu za mikono na miguu. Uvimbe ukikua au ukidunda, apelekwe kwenye upasuaji mara moja. Akiwa imara, apigwe CT ya mishipa (picha ya eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha damu, kuanzia tao la aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hadi kitako cha fuvu. Vipande vya chuma vikiharibu picha, inahitajika angiografia ya katheta, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa dawa inayopitishwa kwenye mrija mwembamba ulioingizwa mshipani.