Nani kasema sikio ndilo pekee lenye haki ya kusikia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri maelezo ya kipimo cha neva, yaani mishipa ya fahamu. Mgonjwa huguswa ngozini, kisha hupashwa joto, na mashine hurekodi umeme unaopita kwenye neva zake. Niliandika: "Ukisikia joto, bonyeza kitufe." Mhariri kafuta "ukisikia" akaweka "ukihisi", eti ngozi haina masikio. Nani yuko sahihi? Na je, "unyeti wa ngozi", kwa maana ya wepesi wake wa kupokea mguso au joto, unafaa?

JIBU: Marahaba. Wewe uko sahihi, na huyo mhariri wako nina hamu naye kwa muda mrefu, yeye na wenzake wote. Walifundishwa milango mitano ya fahamu wakiwa wadogo, wakatoka darasani na sheria: sikio lisikie, pua inuse, ngozi ihisi. Kiswahili hakikuwamo darasani siku hiyo. Sisi husikia njaa, kiu, baridi, usingizi, harufu, uchungu, hata raha. Mtoto akilia "nasikia maumivu", hakuna mama anayekimbilia kumchungulia masikioni.

Kusikia ni neno letu la Kibantu, na ndugu zetu wana tabia hiyohiyo: "okuwulira" ya Kiganda na "ukuzwa" ya Kizulu husikia na kuhisi kwa pamoja. Kuhisi limetoka Uarabuni, nalo simfukuzi mgeni. Lakini tazameni kazi aliyojipatia mjini: "Nahisi ameshaondoka." "Wanamhisi kaiba." Huko ni kushuku, ni kudhani. Sasa rudi kwenye chumba cha kipimo. "Mgonjwa alihisi joto." Alilipata, au alidhani lipo? Wapo wanaobonyeza kitufe kwa kubahatisha, kifaa kikiwa bado hakijapata moto, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kwenda kuiuliza neva yenyewe. Mhariri kachukua sentensi iliyokuwa wazi, akaipaka shaka ileile ambayo mashine imeletwa kuiondoa!

Neva haidhani. Edgar Adrian, mtaalamu wa neva wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1932, alionyesha kuwa uzi mmoja wa neva hutoa mapigo ya umeme ya ukubwa uleule. Mguso ukizidi nguvu, kinachoongezeka ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Habari ya mguso hukimbia zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Ya uvuguvugu hupitia nyuzi nyembamba na kujikokota mwendo wa mita 1 hivi.

Nimehifadhi kitamu mwisho. Adrian aliunganisha mitambo yake na spika. Na tangu miaka ya 1960, kazi ilipoanza kule Uppsala, Sweden, wataalamu huchoma sindano nyembamba ya metali iitwayo tungsteni ndani ya neva ya mtu aliye macho, nao huiunganisha na spika. Papasa ngozi yake, spika inatatarika. Mguso wa ngozi, mhariri wangu, unasikika kwa masikio haya haya unayoyapigania.

Kuhusu "unyeti": andika tu. Neno lenyewe limechakaa kwa siri za serikali na sehemu za mwili ambazo magazeti huona haya kuzitaja, nami nimechoka kugombana nalo. Ila useme ni unyeti kwa mguso au kwa joto, maana ukiandika "sehemu nyeti za mgonjwa zilipashwa joto", msomaji hatafikiria mkono.